Dola za Vyuo vya Marekani Hazitamlea Kijana wa Pwani

Ukipita viwanja vya mpira wa kikapu hapa Mombasa jioni, iwe Makande au katika shule yoyote ya kisiwani, utasikia habari moja: vyuo vya Marekani sasa vinawalipa wachezaji. Ni kweli. Juni 2025 jaji mmoja wa California aliidhinisha mapatano katika kesi ya House dhidi ya NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo nchini humo. Tangu Julai mosi mwaka huo, chuo kilichoingia katika mpango huo kinaruhusiwa kuwagawia wanamichezo wake hadi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka. Kosa linaanza katika hesabu inayofuatia. Wazazi na makocha wengi wa shule wanaamini kwamba pesa zikizidi mlango umepanuka, basi kazi yetu ni kuwasaka vijana warefu mapema, kuwapiga video na kuwasafirisha. Mimi naona mlango umebana. Kijana wa Pwani ambaye ameanza kuushika mpira akiwa na miaka 15 anahitaji mtu wa kumfundisha kwa miaka mitatu au minne, na chuo chenye mamilioni ya dola hakina tena sababu ya kungoja miaka mitatu. Kazi ya kufundisha imeturudia sisi, na pahali pake ni katika vyuo vyetu wenyewe.

Tunachanganyikiwa kwa sababu hadithi tunazozikumbuka ni za kweli na zinavutia. Hakeem Olajuwon wa Lagos alikuwa mchezaji wa mpira wa mikono kabla ya kikapu. Alifika Chuo Kikuu cha Houston mwaka 1980, akakaa nje ya mashindano msimu mzima wa kwanza, na wakati wa likizo akawa anafanya mazoezi na Moses Malone, mtu mzima aliyekuwa akicheza NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, aliyemsukumasukuma chini ya kapu hadi akajua kusimama. Mwaka 1984 alichaguliwa wa kwanza katika uchaguzi wa kila mwaka ambao timu za NBA huchukua wachezaji wapya kwa zamu. Pascal Siakam wa Kamerun naye alikaa nje msimu wake wa kwanza pale New Mexico State kabla ya kuchaguliwa wa 27 mwaka 2016. Aliye karibu nasi zaidi ni Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam aliyeujua mchezo huu akiwa tayari kijana mkubwa. Chuo Kikuu cha Connecticut kilimweka misimu mitatu, kuanzia 2006 hadi 2009, chini ya kocha Jim Calhoun, akatoka hapo akiwa mlinzi bora wa kanda yao mara mbili.

Makocha hao hawakuwa na roho nzuri kuliko wa leo. Walikuwa na hesabu tofauti. Chuo hakikuruhusiwa kumlipa mchezaji, na mchezaji aliyehama alilazimika kukaa nje mwaka mzima, kwa hiyo kijana uliyempokea akiwa mbichi ulikuwa na hakika ya kuwa naye mwaka wa tatu. Mtu hupanda mnazi kwa sababu anajua miaka sita ijayo shamba litakuwa bado lake. Mwambie kwamba jirani mwenye pesa anaweza kuung'oa mnazi huo siku unapoanza kuzaa, aone kama ataendelea kuumwagilia.

Na ndivyo ilivyokuja kuwa. Oktoba 2018 NCAA ilianzisha daftari la mtandaoni ambamo mchezaji anayetaka kuhama huandikisha jina lake ili vyuo vingine vimfuate. Mwaka 2021 wachezaji wakaruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje, na mwaka huohuo wakaruhusiwa kulipwa na wafanyabiashara kwa kutumia majina na sura zao. Mwaka 2024 kikomo cha mara moja nacho kikaondoka. Leo kocha anayehitaji senta, yule mrefu wa kucheza chini ya kapu, hana haja ya kumlea. Msimu ukiisha anafungua daftari na kumkuta mtu wa miaka 22 mwenye michezo mia moja miguuni, anampangia bei. Kikosi chenyewe ni watu 15 katika vyuo vilivyo ndani ya mpango huo, na kila nafasi inayochukuliwa na mhamiaji aliyekomaa ni nafasi moja pungufu kwa anayeanza. Hata Waafrika waliogonga vichwa vya habari karibuni wanathibitisha jambo hili. Thierry Darlan wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, aliyekubaliwa katika chuo cha Santa Clara mwaka 2025, alikuwa amepitia akademia ya NBA huko Saly, Senegal, kisha akacheza kwa malipo katika G League, ligi ndogo ya NBA. James Nnaji wa Nigeria, aliyejiunga na Baylor Desemba 2025, alilelewa Barcelona na alikuwa amekwisha kuchaguliwa wa 31 katika NBA mwaka 2023. Wote wawili walifika wakiwa wameiva, na hakuna aliyepokewa ili akafundishwe namna ya kuweka miguu. Juu ya hayo iko viza ya mwanafunzi, inayombana mgeni katika kufanya kazi ya kulipwa, hata zile dola zinazozungumzwa vijiweni haziwezi kumfikia kijana wa Kisauni kwa urahisi unaomfikia mwenzake wa Houston.

Mwaka jana mama mmoja wa Likoni alinionyesha kwenye simu ujumbe kutoka kwa mtu aliyejiita wakala. Mwanawe ana miaka 16 na anakaribia mita mbili. Wakala alitaka pesa za kambi, pesa za video na pesa za “kufungua faili”. Nilimuuliza mama kijana anacheza nafasi gani. Akaniambia, “Kaka yangu, hajui kucheza bado. Huko si ndiko atakakofundishwa?” Swali lake ndilo lililonifanya niandike haya, kwa sababu miaka ishirini iliyopita jibu lingeweza kuwa ndiyo.

Upande wa pili una hoja, na moja yao ni nzito. Ufadhili kamili wa masomo Marekani ni digrii isiyo na deni, na familia iliyopewa nafasi hiyo haina sababu ya kumsikiliza mwandishi wa makala. Tylor Okari Ongwae alipitia Ranger College, chuo cha miaka miwili huko Texas, kisha Louisiana Monroe, na ndiye aliyetia mtupo wa mwisho tulipoishinda Angola 74 kwa 73 mjini Yaoundé Februari 2021 na kurudi AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika, baada ya miaka 28. Njia hiyo imelipa taifa hili. Tena kuna kanuni inayowapa nguvu wanaonipinga: NCAA humpa mchezaji miaka mitano ya kucheza misimu minne, na saa ya miaka hiyo huanza kuhesabu siku anapojiandikisha kwa masomo ya muda wote katika chuo chochote duniani. Kijana akikaa miaka miwili katika chuo cha Mombasa amekwisha kuila miaka miwili ya saa yake. Sina namna ya kulizunguka hili, na aliye na barua ya chuo mkononi nitamsindikiza mwenyewe hadi uwanja wa ndege wa Moi. Lakini barua hizo ni za kuhesabu kwa vidole. Siasa ya michezo ya kaunti nzima haiwezi kujengwa juu ya vijana wawili au watatu wanaotakiwa tayari, huku wengine wote waliocheza shuleni wakiacha mchezo mwezi wanaomaliza kidato cha nne.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa sana: kwamba kimo hakifundishwi, basi mtafute mrefu, mengine yatajipa. Nimeisikia kwa makocha ninaowaheshimu. Jibu lake limo katika uchaguzi mmoja wa NBA, wa mwaka 2009. Thabeet, mwenye sentimita 221, alichaguliwa wa pili. Stephen Curry, ambaye ana sentimita 188 hivi, alichaguliwa wa saba. Curry alikuwa amekosa ufadhili katika vyuo vikubwa akaishia Davidson, chuo chenye wanafunzi wasiofika 2,000, ambako kocha Bob McKillop alimlea miaka mitatu na kufika naye katika nane bora za Marekani mwaka 2008. Yaliyomfikia mmoja wao yanajulikana dunia nzima. Mwenzake alimaliza miaka yake NBA na wastani wa pointi 2.2 kwa mchezo. Silisemi hili kumdunisha Thabeet. Kutoka Dar hadi nafasi ya pili duniani kwa miaka michache ni jambo ambalo Mswahili mwingine hajalifanya. Nalisema kwa sababu kama miaka mitatu ya Connecticut, pamoja na makocha wake wote na vifaa vyake vyote, haikutosha kumpa mtu wa kimo kile mitupo ya kumweka katika ligi ile, basi anayedhani kimo kitamalizia kazi chenyewe hajawahi kumfundisha mtu mrefu. Mrefu ndiye anayehitaji kufundishwa zaidi. Mwili wake unakua mbele ya akili ya miguu yake, na makosa yake hayaonekani shuleni kwa sababu anawazidi wenzake kwa mkono tu.

Sasa tuje kwetu. Wengi wanaozungumzia usajili wa wachezaji vyuoni hawajui kwamba kocha wa chuo kikuu cha umma nchini Kenya hasajili mtu. Wanafunzi hupangwa na KUCCPS, shirika la serikali la kugawa nafasi za vyuo, kwa alama za KCSE, mtihani wa kidato cha nne, na pointi za kundi la masomo, kuanzia C+ kwa digrii. Kocha wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, humjua mchezaji wake siku kijana anapotokea uwanjani na kusema alicheza Form Three. Vyuo binafsi vya Nairobi na viunga vyake, kama Strathmore na Zetech, vina uhuru wa kumpunguzia ada mchezaji vinayemtaka, na huko ndiko wanakovutwa wengi wa vijana wetu bora. Timu ya wasichana ya shule ya Kaya Tiwi, kule Kwale, imewahi kuwa bingwa wa shule za sekondari nchini, na kila ukiangalia orodha za timu za Nairobi unaanza kujiuliza kwa nini Pwani inazalisha na wengine wanavuna. Tusishindane na Nairobi kwa ada. Hatutaweza. Kilichobaki ni kile ambacho vyuo vya Marekani vimekipoteza na sisi tunacho bure: muda. Kijana aliyepangwa Tudor kusomea uhandisi atakaa miaka minne au mitano, chuo kilekile, uwanja uleule, bila ya daftari la uhamisho na bila ya mtu wa kumpangia bei. Kwa anayetaka kulea, hiyo ni mali kubwa.

Lakini muda bila ya mlezi ni kukaa tu. Nimeketi jioni nyingi kando ya uwanja wa saruji wa chuo kimoja hapa Mombasa. Chumvi ya bahari imeila pete ya kapu hadi inaacha unga wa kutu mikononi mwa anayeishika. Mipira ilikuwa minne kwa vijana 19. Alikuwapo mmoja wa mwaka wa kwanza, mrefu, aliyekuja kusomea uhandisi wa vyombo vya bahari, hajawahi kucheza mashindano. Kila alipodaka pasi aliushusha mpira hadi kiunoni kabla ya kugeuka, na kijana mfupi kuliko wote akawa anampokonya kwa kumpiga kofi mpira kwa chini. Kocha hakumpa jambo jingine lolote. Daka juu ya paji la uso, viwiko nje, geuka kwa mguu wa kushoto, tia. Hakuna kudundisha. “Juu! Juu! Usimteremshie!” Wiki nzima, wiki ya pili, wiki ya tatu, wenzake wakicheza upande ule na yeye upande huu na mtu mmoja wa kumrushia. Karibu na mwisho wa muhula, katika mchezo wa mazoezi, alirushiwa pasi mbovu, akainyaka kwa mkono mmoja, akaiacha kulekule juu, akageuka na kutia. Hakuna aliyepiga makofi kwa sababu mchezo uliendelea. Kocha aliandika kitu katika daftari lake.

Muhula uliofuata kocha yule hakuwapo. Alikuwa mtu wa kulipwa kwa kipindi, na chuo hakikumwita tena. Aliyekuja baada yake alikuwa mtu mzuri na mwenye bidii, lakini hakujua habari ya daftari. Alimwona kijana mrefu, akamwambia asimame pembeni ajifunze mitupo ya pointi tatu, kwa kuwa ndio mchezo wa kisasa. Nilipomwona tena mwaka wa pili, mpira ulikuwa umerudi kiunoni.

Wapo wanaosema vyuo viachane na jambo hili, klabu ndizo zitakazokuza. Mombasa ina KPA, klabu ya Mamlaka ya Bandari, timu ya wanaume na ya wanawake, ambazo kwa miaka mingi zimekuwa miongoni mwa bora nchini, na ina ukumbi wake pale Makande. Nairobi City Thunder nao walionyesha mwaka 2025 kwamba klabu ya Kenya inaweza kufika Ligi ya Kikapu ya Afrika. Nazipenda klabu hizi na sitaki zibadilike. Ila klabu inacheza ili ishinde Jumamosi hii. Haiwezi kumweka uwanjani dakika ishirini kijana anayejifunza kugeuka kwa mguu wa kushoto, na ikifanya hivyo itakuwa inawakosea mashabiki wake. Chuo kinaweza. Chuo kikishindwa na chuo kingine katika michezo ya vyuo vikuu, hakuna anayefukuzwa kazi wala ufadhili unaokatwa. Kushindwa huko kwa bei nafuu ndiko kunakomlea mchezaji, na bado hatujajua kukutumia. Tunapanga timu za vyuo kama kwamba ni klabu ndogo zisizo na pesa, tunawachezesha wa mwaka wa nne kwa sababu wanajua, na wa mwaka wa kwanza anabeba maji hadi na yeye afike mwaka wa nne akiwa hajui.

Tukikubali kwamba kazi yetu ni kulea, baadhi ya maamuzi yanabadilika. La kwanza na lenye uzito kuliko mengine ni kocha. Mkataba wake unapaswa kuwa mrefu kama kozi ya mwanafunzi, na maandishi yake kuhusu kila mchezaji yawe mali ya chuo, yakabidhiwe kama yanavyokabidhiwa matokeo ya mitihani. Hili halihitaji dola hata moja ya Marekani.  Pete mpya na mipira kumi zaidi zinaweza kufuata.

Usajili wenyewe utakuwa na maana nyingine. Mpira wa kikapu wa sekondari huchezwa muhula wa kwanza, kwa hiyo kufikia Aprili kocha wa chuo anaweza kuwa amekwisha kuwaona wote wa kidato cha nne. Hawezi kumwahidi yeyote nafasi, lakini anaweza kukaa naye na mzazi wake na kumwambia ukweli: ukipata C+ kozi fulani na fulani za chuo hiki zinakufaa, ukipata C- kuna diploma, na ukipata chini ya hapo mita mbili zako hazitakusaidia. Skauti wa kweli katika mfumo wetu anauliza alama za hisabati kabla ya kuuliza kimo. Anaweza pia kumkumbusha kwamba KUCCPS hufungua kipindi cha kuhama chuo kwa waliopangwa wasikotaka. Ningependa KUCCPS wasogee hatua moja zaidi. Sipendi wazo la kuwashushia wanamichezo alama, kwa sababu litawajaza vyuoni watu watakaofeli na kuondoka, na kocha atabaki bila mchezaji hata hivyo. Lakini kati ya wale waliokwisha kufikisha alama ya kozi, mchango wao katika michezo ungeweza kuhesabiwa wanapogombea chuo kimoja badala ya kingine.

Swali hili haliwezi kuahirishwa sana. Januari mwaka huu, 2026, kundi la kwanza la Gredi ya 10, la mtaala mpya unaochukua nafasi ya ule wa KCSE, liliingia sekondari ya juu, na mmoja kati ya mikondo yake mitatu ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mtihani wa mwisho wa KCSE utakuwa 2027, na vijana hawa watabisha hodi vyuoni 2029 wakiwa wamesoma michezo kama somo, kwa vitabu na kwa mitihani. Nimewasikia viongozi wakisema mkondo huo utajaza timu za vyuo zenyewe. Utajaza viwanja. Kama watakaowakuta pale ni makocha wa kibarua wanaobadilishwa kila muhula, miaka mitatu ya sekondari itakwenda ule mwendo uliokwenda mpira wa yule mrefu wa uhandisi.

Kabla ya hapo kuna miezi ambayo hakuna anayeitumia. Mtihani wa KCSE unaisha Novemba na chuo kinafunguliwa Agosti au Septemba. Msichana aliyemaliza Kaya Tiwi anarudi nyumbani Ukunda au Mtongwe na kukaa karibu miezi tisa bila ya mazoezi, na akifika chuoni kifua kimefungwa na mkono umesahau. Wasichana watakaomaliza mwaka huu majina yao yanajulikana tangu muhula wa kwanza. Viwanja vya vyuo vyetu havina watu Desemba yote, kivuko cha Likoni kinafanya kazi usiku na mchana, na hakuna kanuni ya KUCCPS wala ya chuo inayomkataza kocha kuwapigia simu waje wafanye mazoezi.